Vyombo vya Khabari na Jamii: Nani Humlea Mwenziwe?

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa ulimi wa kusema na kalamu ya kuandikia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu msomaji, somo hili limekusudiwa familia zetu zinazokaa Dubai na miji mingine ya Ghuba, ambazo lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili, na lugha ya watoto wao skuli ni Kiarabu au Kiingereza, na lugha ya sebuleni ni ile anayoichagua mwenye kushika rimoti au simu. Katika nyumba kama hizi swali moja huulizwa mara nyingi: je, vyombo vya khabari ndivyo vinavyoiharibu jamii, au vinaionyesha tu jamii ilivyo?

Watu wamegawanyika makundi mawili katika jawabu. Kundi la kwanza husema kwamba lawama yote ni ya televisheni na simu, na mzazi hana hila. Kundi la pili husema kwamba chombo ni chuma na waya tu, hakina dhambi, na kila mtu atazame apendacho. Kila kundi limeshika nusu ya ukweli na kuiacha nusu ya pili. Tutabainisha hapa, kwa mifano iliyotokea katika nchi tulizotoka na nchi tunayoishi, kwamba jamii huvilea vyombo vyake vya khabari, na vyombo hivyo navyo huilea jamii; na kwa sababu hiyo hakuna katika sisi aliyevuliwa dhamana.

1. MAANA YA MANENO HAYA

Vyombo vya khabari ni kila njia ambayo kwayo mtu mmoja, au watu wachache, huwafikishia watu wengi maneno, sauti au picha. Huingia humo kitabu kilichopigwa chapa, gazeti, redio, televisheni na simu za zama hizi. Ama jamii, ni watu wanaounganishwa na makaazi, dini, lugha na ada.

Zamani mtoaji wa khabari na mpokeaji walitengana: mmoja akitangaza, elfu wakisikiliza. Simu imewakusanya katika mtu mmoja. Anayepokea ujumbe asubuhi akampelekea shangazi yake Muscat na jamaa zake Unguja, yeye amekuwa mtangazaji, ajue asijue.

Mfano wa uhusiano huu ni Khor, mkono wa bahari unaoigawa Dubai baina ya Deira na Bur Dubai. Maji huchonga ukingo, na ukingo huyaelekeza maji. Mchanga ulipokuwa ukijaa na vyombo vikubwa vikashindwa kuingia, watu wa mji hawakukaa kuilaumu bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Khor ikachimbwa na kutiwa kina. Majahazi yakaingia kwa wingi, biashara ikakua, na mji ukabadilika kwa sababu ya maji yale yale. Maji yalimbadilisha mtu, na mtu akayabadilisha maji. Ndivyo ilivyo khabari.

2. JINSI JAMII INAVYOVIUMBA VYOMBO

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, aliweka matbaa Unguja. Mtambo wa chapa haukubuniwa Unguja. Lakini kilichopigwa chapa kilichaguliwa kwa haja ya watu wa pale. Miongoni mwa vitabu vilivyotoka ni Qamus ash-Sharia cha Sheikh Jumayyil bin Khamis as-Saadi wa Oman, na tafsiri ya Qur'ani iitwayo Himyan az-Zad ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa bonde la Mzab, Algeria. Mtambo ule ule ungeweza kuchapa hesabu za karafuu peke yake. Jamii iliyothamini elimu iliupa kazi ya elimu.

Kisha athari ikarudi upande wa pili. Kitabu ambacho zamani kilinakiliwa kwa mkono, nuskha baada ya nuskha, sasa kiliweza kufika Oman, Afrika ya Mashariki na Maghribi kwa maneno yale yale. Watu waliotengwa na bahari na jangwa wakasoma ukurasa mmoja, na wakazidi kujijua kuwa ni jamii moja. Mwaka 1911 likatokea Unguja gazeti la Kiarabu, An-Najah, la Sheikh Nasir bin Salim al-Bahlani, maarufu kwa jina la Abu Muslim, aliyekuwa kadhi na mshairi. Wasomaji walikwishapatikana, ndipo gazeti likapata pa kusimama.

Mfano wa karibu zaidi ni wa hapa hapa Dubai. Katika Ramadhani ya mwaka 2006 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya katuni ya mfululizo iitwayo Freej, iliyotungwa na Mohammed Saeed Harib, kijana wa nchi hii. Neno hilo maana yake ni mtaa. Wahusika wake wakuu ni bibi wanne wazee waliovaa barakoa, wanaokaa katika mtaa wa kale huku mji mkubwa ukiwazunguka kwa majengo marefu. Hawakuchukuliwa mashujaa kutoka ng'ambo. Walichukuliwa bibi ambao kila nyumba iliwajua, kwa lafudhi yao, mabishano yao na hekima yao. Watu wakaipenda kwa sababu walijiona ndani yake. Na watoto waliozaliwa baada ya mtaa ule kuvunjwa wakajifunza kutoka kwenye katuni maneno ambayo mama zao walikwishaanza kuyaacha. Jamii ilitoa bibi, na chombo kikamrudisha bibi kwa wajukuu.

Kadhalika katika televisheni ya Oman pana kipindi cha Suali Ahl adh-Dhikr, ambacho kwa miaka mingi Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, mzaliwa wa Unguja aliyeteuliwa kuwa Mufti Mkuu wa Oman mwaka 1975, alijibu ndani yake masuali ya watu. Humo mada hazitoki kwa mtangazaji peke yake. Hutoka kwa anayeuliza. Muulizaji mwema humfanya mtangazaji kuwa mwema.

Na jamii ikihama, chombo nacho huhama. Redio ya BBC kwa Kiarabu ilianza tarehe 3 Januari 1938, na wazee wengi wa Ghuba waliifuata saa zao kwa milio yake. Tarehe 27 Januari 2023, baada ya miaka 85, ilinyamaza. Miongoni mwa sababu zilizotolewa, pamoja na upungufu wa fedha, ni kwamba wasikilizaji wamehamia kwenye mtandao. Kwa hivyo asidharau mtu nguvu ya sikio lake. Kila anapolielekeza au kuliondoa, yeye hupiga kura.

3. JINSI VYOMBO VINAVYOIUMBA JAMII

Ama upande wa pili, mfano wake ni mzito, na familia nyingi zinazosoma kijitabu hiki zinaujua kwa uchungu.

Unguja iliingia katika zama za siasa kwa uchaguzi wa mwaka 1957. Baada ya hapo magazeti ya vyama na ya wafuasi wao yaliongezeka nguvu. Watu wa kisiwa kimoja, waliosali msikiti mmoja na kuoana, walianza kusoma kila wiki kwamba jirani ni mgeni, au kwamba jirani ni mtumwa, au kwamba jirani ananyemelea kuwatawala. Gazeti la upande huu lilijibu matusi ya gazeti la upande ule. Na magazeti hayo hayakuyazua maneno yale kutoka hewani: mengine yaliokotwa barazani na madukani, kisha yakarudi barazani yakiwa yamevishwa heshima ya chapa. Mtu aliyekuwa akinong'ona neno kwa haya, alipoliona limepigwa chapa alilisema kwa sauti. Mwanzoni mwa mwezi wa Juni 1961, siku za uchaguzi, zikazuka ghasia ambazo ndani yake waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu wa mashamba. Hatusemi kwamba karatasi ndizo zilizoua, kwani zilikuwepo sababu za ardhi, za kazi na za utawala. Tunasema kwamba maneno yalitangulia mbele ya mapanga na kuyafungulia njia.

Kisha ikaja tarehe 12 Januari 1964. Miongoni mwa sehemu za mwanzo zilizotekwa ni kituo cha redio. Kwa redio hiyo John Okello, mzaliwa wa Uganda ambaye wengi wa watu wa Unguja hawakumjua kabla ya siku hiyo, alijitangaza kuwa ni Field Marshal, akatoa amri na vitisho. Sauti yake iliingia katika nyumba ambazo askari wake hawajazifikia. Waliokuwa na silaha mikononi walitiwa nguvu nayo, na waliokuwa majumbani walivunjika mioyo. Redio ile ile iliyosomea watu matangazo ya mazishi na bei ya nazi ikawa chombo cha khofu kwa siku moja. Chombo hakikubadilika, aliyekishika ndiye aliyebadilika.

Katika mafunzo ya tukio hilo, moja linatuhusu sana leo: neno la kumdharau mtu kwa kabila lake, au nchi yake, au madhehebu yake, haliwi mzaha kwa sababu tu limo katika kikundi cha simu cha jamaa. Sisi ni wana wa watu walioonja matunda ya maneno hayo, kutoka pande zote. Haitufalii kuyapanda tena mbegu zake kwa vidole vyetu.

Pana namna nyingine ya athari, isiyokuwa na mshindo. Mwaka 2008 kituo cha MBC, kilichoanza London mwaka 1991 na kuhamia Dubai mwaka 2002, kilionyesha tamthilia ya Kituruki iliyopewa jina la Noor, ikiwa imetiliwa sauti kwa Kiarabu cha Sham. Mamilioni ya watu waliifuata, na maulamaa kadhaa, akiwemo Mufti wa Saudi Arabia, waliikemea. Watazamaji wengine walifunga safari mpaka Istanbul kwenda kuitazama nyumba iliyopigiwa picha. Na vituo vilipoona hayo, vilikimbilia kununua tamthilia nyingine za Kituruki. Tazama mzunguko huo: chombo kilitia shauku katika jamii, na shauku ya jamii ikaamua nini kitakachoonyeshwa mwaka unaofuata.

4. MVUA YA MWAKA 2024: ATHARI INAYOZUNGUKA

Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha katika Falme za Kiarabu mvua ambayo mfano wake haukupata kuandikwa tangu kumbukumbu za mvua zilipoanza mwaka 1949. Katika kituo cha Khatm Al Shakla, eneo la Al Ain, zilipimwa zaidi ya milimita 254 katika muda usiotimia saa 24. Barabara za Dubai ziligeuka mito, na safari nyingi za ndege ziliahirishwa au kuelekezwa kwengineko.

Kabla maji hayajakauka, lilienea duniani neno kwamba mvua ile imetengenezwa na watu. Kwa nini neno hilo liliaminiwa haraka? Kwa sababu lilishika mkono wa jambo la kweli: nchi hii ina mpango wa tangu miaka ya 1990 wa kurusha ndege zinazonyunyizia chembe za chumvi katika mawingu ili kuchochea mvua. Uvumi wenye nguvu hauwi uwongo mtupu. Huchanganya kweli moja na dhana moja, na mpokeaji akiitambua ile kweli huimeza na dhana pamoja nayo.

Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilikanusha kwamba mawingu ya tufani ile yalinyunyiziwa. Wataalamu wa nchi mbalimbali nao walieleza kwamba kazi ile huongeza mvua kidogo tu katika mawingu yaliyokwisha kuwepo, wala haiwezi kuzaa tufani kubwa iliyoonekana katika utabiri siku kadhaa kabla na iliyopiga Oman pia. Nchini Oman tufani hiyo iliua watu, wakiwemo wanafunzi waliochukuliwa na maji wadini.

Hapa mzunguko unaonekana wazi. Watu waliuliza, vyombo vikachukua suali lao kabla ya kulihakikisha, uvumi ukapanda cheo. Kisha wingi wa watu waliouliza ukawalazimisha waandishi kuwaendea wataalamu, na jawabu likapatikana. Waliosubiri siku mbili walipata elimu. Waliofanya haraka walipeleka dhana kwa jamaa zao, na wachache kati yao walipeleka masahihisho baadaye. Kwani uvumi hupanda farasi, na masahihisho huja kwa miguu.

5. MAFUNZO YA DINI NA SHERIA YA NCHI

Dini yetu imelitangulia jambo hili. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Waumini wameamrishwa kuihakikisha khabari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua na kisha wakajuta. Tafakari kwamba amri hiyo imemwelekea anayepokea. Mwongo ana dhambi yake, lakini mpokeaji naye ana wajibu wake. Haukumwondokea kwa kusema: mimi nimeletewa tu. Na katika Suratun Nur limo funzo la tukio la Ifk, ambapo wamelaumiwa waliolizua neno, na wamelaumiwa pia waliolipokea kwa ndimi zao na kulihesabu kuwa ni jambo jepesi.

Sheria ya nchi tunayoishi nayo imefuata njia hiyo. Sheria ya Muungano Namba 34 ya mwaka 2021, ya kupambana na uvumi na makosa ya mtandao, ilianza kutumika tarehe 2 Januari 2022. Kifungu chake cha 52 kinamgusa anayetumia mtandao kutangaza khabari za uwongo au uvumi, na pia anayezieneza tena baada ya mwenziwe. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua mwaka mmoja na faini isiyopungua dirham 100,000; na jambo hilo likitendeka wakati wa maradhi ya kuenea, dharura au maafa, ni kifungo kisichopungua miaka miwili na faini isiyopungua dirham 200,000. Kwa mgeni aliyekuja kutafuta riziki, kidole kimoja kinaweza kufunga mlango uliofunguliwa kwa miaka ishirini. Wazazi na wawaeleze vijana wao haya kabla hawajawakabidhi simu.

6. WAJIBU WA FAMILIA ZETU

Ikiwa vyombo na jamii hulelana, basi nyumba ndiyo jamii ya kwanza, na humo ndimo mlimo uwezo wetu. Tunausia mambo manne.

Kwanza: kuhakikisha. Khabari ikija, tuulize: nani kaisema? Ameiona au ameisikia? Imetoka lini? Ikiwa hatuna jawabu, na iishie kwetu. Khasa tujihadhari na khabari za ajali, maradhi na vifo kutoka nyumbani Afrika ya Mashariki. Wangapi wameliliwa nao wako hai!

Pili: kutazama pamoja. Mtoto anayetazama peke yake hupokea bila ya kujibu. Akikaa na mama yake au babu yake akasikia: hili si desturi yetu kwa sababu kadha wa kadha, basi amepata chombo na mizani yake kwa wakati mmoja. Katazo lisilo na maelezo humfundisha mtoto kujificha tu.

Tatu: kuilinda lugha. Mwaka 1979 nchi za Ghuba zilitoa kwa pamoja, kutoka Kuwait, kipindi cha watoto cha Iftah ya Simsim, kwa Kiarabu fasihi. Waliokikuta utotoni wamekuwa watu wazima, na wengi wangali wakikisifu kwa lugha waliyoichota humo. Kiswahili nacho kina vipindi vyake: tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimewafundisha watoto hesabu kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Mtoto asiyesikia Kiswahili isipokuwa anapogombezwa, ataiona kuwa ni lugha ya kugombezwa. Na siku atakapokutana na bibi yake, watatazamana kwa mapenzi bila ya kuwa na neno la kuambiana.

Nne: kutoa, si kupokea tu. Freej ilizaliwa kwa sababu kijana mmoja aliwaona bibi wa mtaani kwake kuwa wanastahiki kuonyeshwa. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi na waliohama mwaka 1964 wanaondoka mmoja baada ya mmoja. Simu inayomshughulisha kijana usiku kucha inaweza pia kuirekodi sauti ya babu yake kwa nusu saa. Tukiacha kusimulia yetu, tusishangae watoto wetu kujijua kupitia masimulizi ya wengine.

MUHTASARI

Jamii huchagua nini cha kuchapwa, kutangazwa na kupelekwa. Na kile kilichochaguliwa hurudi kuifunza jamii nini cha kupenda, kuogopa na kusema. Matbaa ya Unguja ilijenga kwa sababu ilipewa elimu. Kalamu na redio za zama za siasa zilibomoa kwa sababu zilipewa chuki. Anayevilaumu vyombo pekee amejivua dhamana. Anayevitakasa kabisa amejidanganya.

MASUALI YA KUJADILIWA NYUMBANI

1. Taja chombo kimoja kilichoumbwa na haja ya jamii, na ueleze namna kilivyoibadilisha jamii hiyo baadaye.

2. Kwa nini uvumi wa mvua ya mwaka 2024 uliaminiwa haraka? Ni kweli gani iliyochanganywa na dhana?

3. Amri ya kuhakikisha khabari imemwelekea nani, na kwa nini?

4. Katika ujumbe uliopelekwa na watu wa nyumba hii wiki iliyopita, ni upi uliohakikishwa kabla ya kupelekwa?

Suali la nne na lijibiwe na wakubwa kwanza, kisha watoto. Mwenyezi Mungu atuongoze kusema lililo kweli na kunyamazia tusilolijua.

Wabillahi tawfiq.